Mpagazi Aliyesubiri Kuzikwa

Siku ya kuniaga, ofisi ilinipikia chai ya maziwa na mandazi, na hotuba zikawa fupi kuliko nilivyoogopa. Kisha mmoja wenu, yule mrefu wa masjala, akasimama akaniuliza mbele ya watu wote: "Mzee, umeandika madai ya watu miaka hii yote. Mwingereza atulipe kwa yale aliyotutendea, ama basi?" Nilimwambia chai inapoa. Watu wakacheka, nami nikaponea hapo.

Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani, na kwa kuwa sasa hakuna anayenisubiri kazini saa mbili asubuhi, nimeona nilijibu kwa maandishi. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi ya ukarani serikalini hapa Kisumu miezi michache baada ya Uhuru. Mimi ni mtu wa Bunyore, na wenzangu Wajaluo hawakukawia kunikumbusha. Kila mvua iliponyesha wakati wa kwenda nyumbani walinigeukia mimi, kwa sababu kwetu ndiko wanakosifika watu wa kuleta mvua. Nilijitetea mwezi wa kwanza, kisha nikaona ni afadhali waniogope kidogo.

Aliyenipokea ni karani mkuu, Mzee Zakayo, mtu mwembamba aliyefanya kazi chini ya wakoloni akabaki walipoondoka. Shati lake lilikuwa jeupe hata Ijumaa jioni. Alinionyesha meza, taipureta ambayo herufi yake ya k ilikuwa ikikwama, na kisanduku cha karatasi za kaboni. Mtu anayeandika Kiswahili bila k ana taabu kubwa, kwa hiyo nilijifunza kuinyanyua kwa ukucha kila nilipoipiga. Ukucha huo umebaki mfupi mpaka leo.

Mzee Zakayo hakufundisha kwa maneno mengi. La kwanza aliloniambia ni kwamba nisimkatize mtu anaposalimia. Aliyetoka Uyoma anazo salamu za kila aliyepishana naye, na asipozimaliza hatasema kilichomleta. La pili ni kwamba kila barua iwe na nakala, na nakala ikae kwenye faili, hata kama ni barua ya kuomba wino. La tatu hakulisema, nililiona tu. Muhuri wa ofisi ulikaa kwenye droo yake iliyofungwa, na ufunguo ulining'inia kwenye mshipi wake kwa kamba ya kiatu. Hakuna aliyewahi kuugusa bila yeye kusimama hapo akitazama.

Barazani palikuwa na benchi refu. Benchi lile ndilo lililonilea katika kazi hii kuliko mafunzo yoyote niliyopelekwa baadaye. Miaka ile ya mwanzo watu waliamini jambo moja jepesi, kwamba Mwingereza ameondoka, basi alivyochukua virudi. Walikuja tangu alfajiri. Mzee wa Seme alitaka ng'ombe waliochukuliwa kwa faini ya kijiji kizima, kwa kosa ambalo hakuna aliyelikumbuka tena. Mwingine alidai mbuzi wa babu yake, na alikuwa amepiga hesabu ya watoto na wajukuu wa mbuzi wale mpaka kundi likashinda majani yaliyoko Nyanza nzima. Nilimwandikia vilevile. Kazi yangu ilikuwa kuandika.

Barua zilikwenda Nairobi, nyingine zikapelekwa Uingereza, na majibu yakarudi kwa lugha nzuri yakisema jambo hili lilifungwa zamani. Tulikuwa na kabati moja la chuma la kuwekea majibu hayo. Makarani walikuwa wakiliita mochari. Mimi pia nililiita hivyo, na niliona ni mzaha mzuri, mpaka alipokuja Mama Peres.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mama Peres alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale soko la Kondele, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya kuita wateja hata anaponong'ona. Alisalimia mpaka mwisho, nami sikumkatiza. Kisha akasema:

"Karani, baba yangu ilichukuliwa na serikali. Mimi nilikuwa bado kwa tumbo ya mama. Sasa mama iko mgonjwa, anataka serikali iseme hiyo mtu iko wapi."

"Alichukuliwa lini, Mama?"

"Wakati ya vita ya Mjarumani. Ile ya kwanza. Alienda kubeba mizigo."

Vijana, huenda hamjui habari za wapagazi, kwa hiyo nieleze kidogo. Mwingereza alipopigana na Mjerumani kule Tanganyika hakuwa na barabara wala magari ya kutosha, basi alichukua watu. Machifu waliambiwa walete wanaume, wakaletwa, wengine wamefungwa kamba. Walibeba risasi na unga vichwani, wakafa zaidi kwa kuhara na njaa na homa kuliko kwa risasi. Wengi wa Nyanza hawakurudi. Waliokufa, mishahara yao haikuwafikia wake zao. Baba yake Mama Peres aliitwa Okech, mtu wa Uyoma, karibu na Luanda Kotieno.

Nikamwandikia barua nzuri. Nasema nzuri kwa sababu niliipenda mwenyewe, nikaisoma mara mbili kwa sauti. Niliomba ujira wote wa Okech na fidia ya maisha yake. Sikumuuliza Mama Peres kama ndicho alichotaka. Alikuwa amesema anataka kuambiwa baba yake yuko wapi, mimi nikasikia pesa, kwa sababu benchi lile lilinizoesha kusikia pesa.

Jibu lilichukua miezi mitano. Lilisema jina la Okech halikuonekana katika orodha za waliokufa, lakini familia ikileta uthibitisho wa kifo, kwa mfano barua ya chifu kuhusu mazishi, jambo lingeweza kuangaliwa upya. Ilikuwa mara ya kwanza kupata jibu lisilolifunga jambo. Nilimkimbilia chifu wa kule Uyoma alipokuja mjini kwa mkutano.

"Karani," akaniambia, "nitaandika aje mtu amekufa na watu wa boma yake hawajamlia? Hakuna matanga ya Okech ilifanywa kwa lokesheni yangu. Kwa hesabu yangu huyo mtu ako hai."

"Chifu, angekuwa na miaka themanini na kitu."

"Basi ako hai na ni mzee."

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda Luanda Kotieno nikiwa na fomu na wino wa kidole gumba. Mama Peres alinipokea kituoni tukatembea mpaka kwa mama yake, Mama Aloo. Boma lilikuwa safi, limefagiliwa, na katikati palikuwa na nyumba ya nyasi ambayo nilielezwa ni ya Okech. Ilikuwa imejengwa upya mara tatu tangu aondoke, kila mara mahali palepale, mlango ukitazama kulekule.

Niliingia, nikaona kigoda, nikakaa.

"Toka hapo!" Mama Peres akapiga kelele. "Hiyo ni ya mwenyewe!"

Niliruka kama niliyekalia siafu. Kigoda kilipanguswa kwa kanga, kikarudishwa mahali pake, nami nikaonyeshwa mkeka. Mama Aloo alikuwa ameketi karibu na mlango, mdogo wa mwili, anakohoa, lakini macho hayakuwa na ugonjwa. Alizungumza Kijaluo. Nilikwisha kukijua cha kutosha, na pale nilipokwama Mama Peres alinisaidia. Nilimweleza habari njema yangu, kwamba akiweka kidole hapa kukubali mumewe amekufa, na ukoo wakafanya mazishi, huenda serikali ikamlipa.

Aliisukuma fomu kando. Kisha akauliza, "Nani alikutuma umpangie bei?"

Nikaanza kuikunja fomu.

"Mimi si chi liel," akasema. Chi liel ni mjane, na kwa Kijaluo maana yake ni mke wa kaburi. "Mke wa kaburi ana kaburi. Langu liko wapi? Walikuja mchana. Okech alikuwa juu ya ghala la mtama analiezeka. Walimwambia shuka, twende, tutakurudisha mavuno yakifika. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Nilisikia kwa masikio yangu."

Aliniambia kwamba watu wa ukoo walimshauri miaka mingi. Kwa desturi yao, mtu akipotea mbali na mwili usipatikane, huzikwa yago badala yake, lile tunda refu zito linaloning'inia mtini kwa kikonyo. Huvikwa nguo, likaliliwa, likalazwa kaburini kama mtu. Wangeweza kufanya hivyo tangu zamani. Yeye alikataa. Shemeji zake walikasirika, kanisa lilimsihi, yeye akakataa. Alisema aliyemchukua Okech ndiye aje aseme nimeshindwa kumrudisha. Hapo ndipo atakubali yago. Kumzika kabla ya hapo ni kuwasamehe watu ambao hawajaomba.

"Kwa nini sasa, Mama?" nikamuuliza.

Mama Peres ndiye aliyejibu. "Daktari wa misheni amesema kifua yake imeisha. Kwetu, mume anazikwa kulia ya mlango, mama anazikwa kushoto. Sasa akienda mbele, atalala kushoto ya nani?"

Nilirudi Kisumu na fomu yangu haina kidole. Ndani ya basi, tulipopita Otonglo na mama mmoja akanisukumia kuku wake mapajani, nilikuwa bado nasikia lile neno, umpangie bei. Niliona haya. Miaka karibu kumi nilikuwa nimeketi mbele ya benchi lile nikiwauliza watu walichopoteza ni kiasi gani, na sikuwahi kumuuliza hata mmoja anataka nini kifanyike.

Jumatatu nilimwendea mkuu wa ofisi. Tulikuwa tukimwita Bwana Mkubwa, na hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu imelala. Nilimwomba serikali itoe barua moja tu, isiyo na fedha ndani yake, ya kukiri kwamba ilimchukua Okech na haikumrudisha.

"Serikali ipi?" akauliza. "Sisi ndio tuliotawaliwa, bwana. Baba yangu mimi alichapwa viboko na hao hao. Leo niombe radhi kwa niaba yao?"

"Wao hawaandiki, Bwana Mkubwa. Na yule mama hana miaka ya kuwangoja."

"Na nikimwandikia huyo mmoja? Kesho hiyo benchi itafika mpaka ziwani." Akaichukua kalamu. "Hapana."

Sasa nimjibu kijana wa masjala, kwa kuwa hapa ndipo jibu langu lilipo. Alipe. Mshahara wa mtu aliyekufa chini ya mzigo wako ni wa mkewe, na hauwi wako kwa sababu umechelewa sana kuutoa. Wakisema jambo lilifungwa zamani, waulizwe ni nani aliyelifunga. Nilikasirika wakati ule na bado nakasirika, na daktari wangu amenishauri niache. Na Bwana Mkubwa alikuwa na haki yake pia. Ni uchungu mtoto wa aliyechapwa kutakiwa aombe radhi kwa niaba ya aliyechapa. Lakini tulikuwa tumekalia viti vyao, tunatumia majengo yao na makabati yao, na faili la Okech lilikuwa katika mochari yetu, si yao. Kama tulirithi nyumba, tulirithi na waliosimama mlangoni wakisubiri. Halafu kuna hili la pili, ambalo wanaopigania fidia husahau. Pesa inayokuja bila mtu kufungua mdomo ni njia nyingine ya kumwambia mwenzako anyamaze. Mama Aloo alilijua hilo bila kusoma hata darasa moja.

Mzee Zakayo alikuwa amebakiza wiki chache astaafu. Alikuwa amesikia yote kupitia ukuta wa mbao, maana ukuta ule haukuwahi kuficha kitu. Mchana ule alikuja mezani kwangu, akafungua ile kamba ya kiatu, akatoa muhuri kwenye droo na kuuweka kando ya taipureta yangu.

"Mimi naenda kunywa chai," akasema. "Nitakawia." Alipofika mlangoni akageuka. "Acha nakala."

Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na nilijua kuweka muhuri kwenye barua iliyokataliwa ni kufukuzwa kazi, pengine na kushtakiwa. Niliandika mistari michache tu: "Serikali ilimchukua Okech wa Uyoma kutoka nyumbani kwake akiwa anaezeka ghala. Iliahidi kumrudisha. Haikumrudisha, na haiwezi tena kumrudisha. Alikufa katika kazi ya serikali. Kosa ni la serikali, si la Okech wala la watu wa nyumba yake." Nikaweka jina langu na kazi yangu, karani, nisije nikajifanya mkubwa. Nikagonga muhuri. Nakala nikaitia kwenye faili.

Jumamosi asubuhi boma la Okech lilikuwa limejaa. Nilikuwa nimemwonyesha Mama Peres barua, naye alikuwa amepeleka habari, na wana wa ndugu zake Okech walikuwa wamekwisha kukata yago, wakaliviringisha blanketi jipya. Mama Aloo aliletwa nje akakaliswa mlangoni. Niliisoma barua kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo changu kibovu, na hakuna aliyecheka. Akataka aisome tena mtu mwingine. Akasomewa. Akaomba kuishika, akaupapasa muhuri kwa kidole gumba, kile alichokataa kunipa mimi.

"Wewe ndiye serikali?" akaniuliza.

"Mimi ni karani tu, Mama."

"Barua inasema serikali. Umekuja na gari?"

"Nimekuja na basi."

Hapo alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Kumchukua walikuja kwa miguu. Sasa wamepanda basi." Kisha akawageukia vijana wa ukoo waliokuwa wamesimama tayari upande wa kulia wa mlango. "Mpeni jembe."

Wazee waliguna. Mmoja alisema mgeni hachimbi, tena mgeni mwenyewe ni mtu wa Bunyore, ukoo utasemwa. Mama Aloo hakupandisha sauti.

"Hawa vijana hawakumchukua Okech," akasema. "Achimbe aliyemchukua."

Nilivua koti, nikachimba. Nilikuwa na viatu vya ofisi na mikono ya taipureta, na udongo wa pale una mawe. Malengelenge yalipasuka kabla shimo halijanifika magotini. Hakuna aliyenisaidia wala aliyenidhihaki, walisimama tu kuzunguka wakitazama serikali ikitoka jasho. Mahali fulani kati ya magoti na kiuno nilianza kulia, na sikuwa namlilia Okech peke yake, nilikuwa nikililia lile kabati la chuma. Hapo Mama Aloo akasema inatosha, vijana wamalizie.

Yago liliposhushwa ndipo alipotoa sauti. Sijawahi kusikia kilio cha namna ile. Alimwita kwa majina yake yote, akamwambia ghala liko wazi mpaka leo, akamwambia mtoto aliyemwacha tumboni ni huyu hapa, mnene, muuza samaki. Kilikuwa kilio cha mke kijana, kikitoka kwa mwanamke wa miaka sabini na kitu.

Siku ya nne alinyolewa kama wajane wanavyonyolewa. Mama Peres alinieleza baadaye pale Kondele kwamba mama yake alikuwa akiwasahihisha watu, anataka aitwe chi liel. Alifariki mwaka ule ule kabla ya mvua za vuli, akalazwa kushoto. Lakini hapo nimeruka mbele, turudi nyuma kidogo.

Jumatatu ya wiki iliyofuata Bwana Mkubwa aliniita. Mbele yake palikuwa na nakala yangu.

"Umeisemea serikali," akasema.

"Ndiyo, Bwana Mkubwa."

"Nilikuambia hapana."

"Ndiyo."

Nilikuwa nikifikiria ada za shule. Nje palikuwa na mazungumzo mengi kuliko kawaida ya Jumatatu. Akainuka akatazama dirishani, nami nikaona juu ya bega lake kwamba benchi limejaa, na wengine wameketi chini barazani mpaka kwenye ngazi. Wengi walikuwa vikongwe.

"Si nilikuambia?" akasema bila kugeuka. "Nenda uwaulize wanadai pesa ngapi."

Nilitoka. Walinisalimia, nikasubiri zikaisha salamu zote. Nikawauliza. Mzee mmoja wa Asembo, aliyekuwa ameketi mwisho wa benchi, alinitazama mikono iliyofungwa vitambaa, akawatazama wenzake.

"Pesa ya nini, karani?" akasema. "Sisi tumesikia siku hizi serikali inakuja kuchimba."

Nilirudi ndani nikamwambia Bwana Mkubwa neno kwa neno. Aliuliza kama wote wamekuja kwa hilo. Nikamwambia wote. Alikaa, akaisoma nakala ile tena tangu mstari wa kwanza, akaandika kifupi cha jina lake pembeni, akairudisha kwenye faili yeye mwenyewe. Kisha akaniuliza kama lile jembe la kupalilia maua ya ofisi bado liko stoo.

Nikamjibu yako mawili.